Unga Kwenye Buti na Maalim wa Tauni

Kama mtakumbuka jambo moja tu katika haya ninayowaandikia, likumbukeni hili: msiweke unga wa mteja ndani ya buti ya gari lenu. Najua hakuna hata mmoja wenu aliyefikiria kufanya hivyo. Mimi pia sikuwa nimefikiria. Lakini niliuweka, mifuko minne ya unga wa ugali na mmoja wa ngano, ukakaa humo wiki sita, na mwisho wake barabara ilifungwa wakaja watu waliovaa nguo nyeupe kuanzia utosini hadi kwenye kucha.

Mama Bijou ndiye aliyeniomba niwaandikie ninyi mnaoanza kazi hii ya kutunza wazee majumbani. Nilimwambia mimi niliishia darasa la saba kule Kitui, sijui kuandika kitu cha kusomwa na watu. Akasema ndiyo sababu ameniomba. Sijajua alimaanisha nini. Nina madaftari yangu ya miaka kumi na tisa ya kazi, na humo naona mambo mengine nimeyaandika vibaya, na siku nyingine nimeandika Jumanne mara mbili katika wiki moja. Nitajitahidi kusema nisipokuwa na hakika.

Mama Bijou ni wa Bukavu. Wengi wenu mnamjua kwa maandazi anayouza baada ya ibada pale Silver Spring, huku pembeni mwa Washington, lakini kabla ya maandazi alikuwa fundi wa kazi hii kuliko mtu yeyote niliyemwona. Ndiye aliyenifundisha. Alinifundisha kwamba mzee haoshwi kuanzia kichwani, unaanza na miguu, kwa sababu mtu akiona miguu yake imetulia ndani ya maji ya vuguvugu, mwili uliobaki huacha kuogopa. Alinifundisha nisimuulize mteja kama anataka kuoga, maana atasema hapana na atakuwa ameshinda. Nimwambie maji yako tayari. Alinifundisha kupasha taulo moto kwenye kikausha nguo. Siku hizi mnaletewa taulo zinazojipasha zenyewe, sina neno.

Na alinifundisha daftari la zamu. Ninyi mnabonyeza simu: amekula, ameoga, amelala, na simu inakuwekea alama ya kijani. Sisi tuliandika kwa kalamu, kwa Kiingereza, kila saa mbili, na karatasi zilikwenda ofisini kwa kampuni kila Ijumaa. Mama Bijou alinishika mkono siku ya kwanza akaniambia, "Papa Mutua, andika tu ile macho iliona. Ile kichwa iliwaza, ubakishe ku nyumba kwako." Nimeishika sheria hiyo miaka yote kumi na tisa. Nimeivunja mara moja, na nitafika hapo.

Sasa nije kwa Maalim.

Maalim Athmani alikuwa mzee wa miaka themanini na minne, mzaliwa wa Mombasa, aliyefundisha historia huku Marekani maisha yake yote ya kazi. Mkewe alikuwa amefariki. Aliishi peke yake Annandale, katika nyumba iliyojaa vitabu mpaka kwenye beseni la kuogea la chumba cha wageni. Kumbukumbu ilikuwa imeanza kumtoka. Mtoto wake mmoja tu, Rukia, anafanya kazi za kompyuta kule Herndon, na ndiye aliyetuita. Siku ya kwanza alinikalisha jikoni akaniambia kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia chote lakini jibu lake hutoka kwa Kiingereza, kwamba baba yake ameapa hatoki ndani ya nyumba ile. Yeye ameahidi kumwacha, ila kwa sharti moja: ikifika siku hayuko salama, atampeleka kwenye nyumba ya wazee. Na atakayemwambia kama yuko salama au hayuko ni daftari langu.

Niwe mwadilifu kwa Rukia. Mtu anaweza kusoma haya akadhani ni binti wa kumtupa baba. Si hivyo. Alikuwa amefunga kamera jikoni na ukumbini, na alikuwa akila chakula chake cha mchana kule Herndon akimwangalia baba yake kwenye simu naye anakula chake. Walikula pamoja hivyo kila siku, na mzee hakujua.

Rukia alipoondoka Maalim alinisogelea. Alikuwa amesikia yote.

"Mtu wa bara," akasema, "nakuomba jambo moja. Usije ukaniandika nikatoka kwangu."

Nikamjibu nitaandika nitakachoona. Halafu akasema kwamba hiyo ni bahati mbaya kwake kama mzee lakini ni bahati njema kwake kama mwanahistoria, na akaniuliza kama najua kupika wali wa nazi.

Kitu alichokisomea ni tauni. Nawaeleza nilivyoelewa, na kama nimekosea, kosa ni langu, si lake. Miaka kama elfu moja na mia tano iliyopita, muda mfupi kabla ya Uislamu, palitokea tauni kubwa. Iliingia Misri, ikapita Shamu, ikaingia mji mkuu wa Rumi ya mashariki, ikaingia Uajemi. Ilikwenda na panya, na panya walikwenda na nafaka. Kwa hiyo, akasema Maalim, mahali palipokuwa na maghala makubwa na watu waliobanana ndipo palipokufa watu wengi. Je, watu wa mahema, Waarabu wa jangwani, waliokaa mbali na maghala na kuhama kila malisho yalipokwisha? Huenda waliguswa kidogo. Huenda wafalme wa Rumi na Uajemi walibaki bila askari na bila watu wa kulima, wakaacha kuyapa zawadi yale makabila ya mpakani yaliyokuwa yakiwalindia mlango. Huenda nguvu zikahama kutoka mjini kwenda jangwani, polepole, bila mtu kutangaza. Na kule Yemen kulikuwa na bwawa kubwa la Marib, na mfalme mmoja alichonga kwenye jiwe kwamba maradhi yaliwapata watu wakati wa kulitengeneza. Bwawa likikosa mikono halitengenezwi, na watu wake huenda wapi?

Mmeona neno huenda limeingia mara ngapi. Maalim hakuniruhusu kulitoa. Alisema watu wa jangwani hawakuandika, kwa hiyo hatujui kama walipona, au walikufa bila mwandishi. Hilo lilikuwa limemtesa miaka hamsini.

Mateso hayo yalikuwa na nyumba yake yenyewe. Maalim alikuwa amekwisha kuchanganya nyakati, na tauni ilikuwa imefika Annandale. Jikoni palikuwa mjini. Kabati la unga lilikuwa ghala la Misri. Ua wa nyuma, wenye nyasi na mti mmoja wa mapo, ule wa majani yanayogeuka mekundu kabla ya baridi, ulikuwa jangwa. Siku yangu ya tatu alinikataza kuweka unga ndani ya nyumba, maana unga utaleta panya, na panya ataleta viroboto. Nikauweka kwenye buti ya gari langu, na kila nilipotaka kusonga ugali nilitoka na kikombe. Mtasema ningekataa. Ningeweza. Lakini kukataa kulichukua dakika arobaini na kukubali kulichukua mbili, na mimi nilikuwa na nguo za kufua.

Kosa langu la kwanza, lile dogo, lilikuwa la daftari. Niliandika nilichoona na kusikia, kama Mama Bijou alivyonifundisha. Niliandika: "Saa nne. Amekunywa uji, nusu bakuli. Anasema tauni imefika mlango wa jikoni. Anasema watu wa Shamu wamekimbilia uani. Amekwenda haja, kawaida." Jumatatu ofisi ikanipigia. Walitaka kujua hao Washami ni wangapi, maana mkataba ni wa mteja mmoja. Nikaeleza kwamba hawapo. Wakauliza kama wameondoka. Nikasema hawajawahi kuwapo. Wakauliza kwa nini basi nimeandika kwamba wamekimbilia uani. Wiki iliyofuata ikaja fomu ya wakaaji wa ziada, nyeupe na ya njano, ya kuandikwa majina na uhusiano wao na mteja. Nilimwonyesha Maalim. Alifurahi sana. Alikaa nayo siku nzima kwa kalamu ya wino, akaandika kwamba majina hayajulikani, idadi haijulikani, na uhusiano ni wa kudhaniwa tu. Niliituma kama ilivyo. Ofisi wakaipiga muhuri na hawakuniuliza tena.

Kazi ngumu ilikuwa dawa. Alikuwa na vidonge vitano vya asubuhi na hakutaka hata kimoja. Nilijaribu ndizi, nilijaribu asali, nilijaribu kumpigia Rukia. Siku moja, kwa uchovu tu, nilimwambia kwamba mimi sikubaliani naye: watu wa mahema walikufa vilevile. Alinyanyua kichwa.

"Kwa ushahidi gani?"

Sikuwa nao. Nikasema ngamia wao walibeba ngano, na ngano ina panya. Akasema hiyo ni hoja, akanyoosha mkono, nikamwekea kidonge, akameza. Tangu siku hiyo nilikuwa mpinzani rasmi. Hoja moja nzuri, kidonge kimoja. Hoja mbaya, kidonge kinarudi kwenye chupa. Kwa hiyo kama mliwahi kuniona nimekaa garini asubuhi na kitabu mkononi, nilikuwa nikitafuta hoja tano. Kwa vidonge vya jioni zilitosha mbili. Niliwahi kumuuliza mchungaji wangu kama anajua lolote kuhusu viroboto wa ngamia, akaniombea.

Siku moja yeye ndiye aliyeniuliza. "Mutua, korona umeipitia. Ilibadilisha nini?"

Nikasema watu walikufa, watu walivaa barakoa, sisi tulifanya kazi zamu mbili mbili. Akasema hizo ni habari, hakuuliza habari. Alitaka kujua ni kitu gani katika maisha ya watu kilikuwa hivi na sasa kiko vile. Nilifikiria mpaka uji ukapoa. Nikasema sijui. Huenda watu hawatembeleani kama zamani. Huenda mimi ndiye nimezeeka.

"Umo ndani yake na hujui," akasema. "Nami nataka kuwajua watu wa mahema wa Hijazi kutoka Annandale." Akacheka mpaka nikamshika asianguke.

Hema lilikuja mwezi wa Septemba. Rukia alikuwa amelinunua miaka mingi nyuma kwa ajili ya safari ya shule, na Maalim alilipata chini ya ngazi. Alisema mji umeshikwa, tunahamia jangwani. Nilimsaidia kulisimamisha chini ya mti wa mapo, nikaweka kiti cha plastiki ndani na blanketi mbili, na akawa anashinda humo kuanzia chai ya saa nne hadi saa kumi. Niliandika yote. Usalama wake, niwaambie kwa haki, ulikuwa mzuri kuliko ndani: hakuna ngazi, hakuna zulia la kujikwaa, na nilikuwa nikimwona kutoka dirishani nikiosha vyombo. Kwenye kamera ya jikoni Rukia aliona kiti kitupu kila mchana. Alikuja Jumamosi, akaenda mpaka uani, akakaa naye ndani ya hema saa nzima. Sijui walizungumza nini. Nilikuwa nikipika.

Chama cha wenye nyumba wa mtaa ule kikaleta barua: hema haliruhusiwi zaidi ya siku mbili. Maalim akasema hiyo ni barua ya Rumi. Jirani wa kushoto, mzungu mmoja mstaafu anayelima nyanya, yeye alikuwa Uajemi. Maalim alivaa kofia yake ya vito, ile ya kushonwa kwa mkono, na shuka la kitandani begani, akaenda kwenye ua wa jirani, nikiwa nyuma yake nimebeba kiti, akamwelezea kwa Kiingereza safi kwamba sisi ni kabila la mpakani, tutamlindia mpaka wake dhidi ya kulungu wanaokula nyanya, naye atupe zawadi kama walivyofanya wafalme waliokuwa na akili. Yule jirani alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza ulinzi unaanza lini. Tangu siku hiyo tulipata nyanya kwenye ndoo kila Alhamisi, na jirani akaenda mwenyewe kwenye kikao cha chama kututetea. Nilimuuliza jirani kama aliamini au alikuwa akitania. Alisema kulungu wamepungua.

Nimeandika hayo kwa raha, na sasa naona ninachelewesha.

Ilikuwa mchana wa Oktoba. Nilikuwa nikisugua beseni la kuogea. Funguo za gari nilikuwa nimezitundika kwenye msumari mlangoni, kama kila siku. Maalim alikuwa hemani, nilimwona nilipopita dirishani. Niliporudi dirishani hakuwepo. Buti ya gari ilikuwa wazi na mifuko haimo.

Nilimpata baada ya kama dakika ishirini. Mzee aliyekuwa hawezi kufungua chupa ya dawa alikuwa amepakia mifuko mitano kwenye kikapu chake cha magurudumu cha sokoni, akavuka njia mbili za magari akiwa na kandambili, akaenda mpaka kituo cha basi cha barabara kubwa, na akamwaga unga wote mstari mrefu ukingoni mwa barabara, ili panya wabaki huko wasifike mjini. Alikuwa amefanya kazi nzuri. Mstari ulikuwa umenyooka.

Sasa fikirini, unga mweupe umemwagwa njiani, maili chache tu kutoka ikulu ya nchi hii, ambako watu hawajasahau ule unga wa kimeta uliotumwa kwa barua. Mtu alikuwa amepiga simu kabla sijafika. Walifunga barabara pande zote mbili. Wakaja wale niliowaambia, wenye nguo nyeupe na vioo usoni na mitungi mgongoni, wakitembea polepole kama wanaokwenda mwezini. Siwalaumu. Kwa walichokiona walifanya sawasawa, na walizungumza na mzee kwa heshima. Maalim alikuwa amekaa kwenye benchi la kituo akiwatazama, na machozi yalikuwa yakimtoka.

"Mutua," akanong'ona, "miaka hamsini naambiwa hakuna ushahidi. Hawa hapa."

Nilimwambia polisi mmoja kwamba ni unga wa mahindi, wa kusonga ugali. Akaniuliza ugali ni nini. Nikaeleza, mikono juu. Akauliza unaliwa na nini. Nikasema sukuma wiki, na nyama ikiwapo. Aliandika yote. Alikuwa mwandishi mzuri, hakuongeza kitu. Walipima, wakakuta ni kweli, na mabasi yakaanza kupita tena.

Nilirudi nyumbani, nikamwosha miguu, nikakaa mezani na daftari. Hapa nataka mnisikilize ninyi vijana, kwa maana siku hii itawafikia. Ningeweza kuandika kwamba mteja alitoka, akapatikana salama. Ni kweli, na hakuna neno la uongo ndani yake. Nilikaa na kalamu mpaka chai ikaisha moto. Nilijua nikiandika yote, nimemwandika akatoka nyumbani kwake. Nikaandika yote. Niliandika njia mbili za magari. Niliandika kandambili. Niliandika kwamba unga ulikuwa kwenye gari langu na funguo zilikuwa msumarini, na kosa ni langu. Bado sijui kama nilifanya haki au nilikuwa na woga tu wa kushikwa. Niliulizwa na Mama Bijou, nikamwambia hivyohivyo, sijui.

Rukia hakunifukuza. Alisoma, akalia kidogo, akaita muuguzi wa kufanya tathmini.

Muuguzi alikuwa dada mmoja wa Kisii, Sista Kemunto, mtu wa sauti ndogo. Alifurahi kukuta Kiswahili nyumbani humo, na maswali yake akayauliza kwa Kiswahili. Tulikaa ukumbini: Maalim kwenye kiti chake, Rukia kwenye mkono wa kiti, mimi mlangoni. Sista akauliza huu ni mwaka gani. Maalim akauliza kwa kalenda ya nani. Akauliza tuko wapi. Maalim akasema mpakani. Akampa maneno matatu ya kukumbuka, tufaha, meza, kiatu, na baada ya dakika tano akamuuliza ni yapi. Hakuna hata moja lililobaki. Lakini Maalim alimweleza kwa nini maneno matatu yaliyotolewa bila jina la aliyeyatoa na bila mahali hayawezi kuitwa ushahidi, na Sista alisikiliza muda mrefu kuliko fomu ilivyotaka. Halafu akaomba daftari langu.

"Nami nataka kulisoma," akasema Maalim.

Rukia akasema hapana. Sista akasema kwa upole kwamba habari ni zake, ana haki nazo.

Akaletewa lenzi yake ya kusomea. Alisoma karibu saa nzima, na sisi tulikaa tu. Alisoma kama alivyosoma zile karatasi zake za kale, akiweka kidole, akirudi nyuma. Sidhani kama mwanzoni alijua anayesomwa ni nani. Alipofika kwenye ule mchana wa unga, kidole chake kilikaa hapo.

"Mwandishi huyu ni nani?"

"Ni mimi, Maalim."

"Hampendelei huyu mzee, wala hamwonei. Hata alipokosa mwenyewe ameandika." Akaiweka lenzi chini. "Ndiye niliyemtafuta jangwani miaka yote. Nimempata ananiandika mimi."

Rukia alitaka kusema kitu, mzee akamwekea mkono juu ya goti. Akanigeukia.

"Haya yakhe. Wewe ndiye mpinzani. Mimi nasema huyu mzee kisima chake hapa kimekauka. Bishana."

Nilibishana, wallahi, Mkristo mimi lakini siku ile niliapa hivyo. Nilisema tutafunga buti. Akasema mzee ana miguu, si buti. Nilisema nitahamia hapa, nilale sebuleni. Akasema hiyo si hoja, hiyo ni huruma, kidonge kirudi kwenye chupa. Nikasema huenda daftari limekosea, mwandishi ni wa darasa la saba, ameandika Jumanne mara mbili.

"Shahidi wako kwamba daftari limekosea ni nani?"

"Ni mimi."

"Na aliyeandika daftari?"

Nilikuwa nimefungwa na mtu asiyejua huu ni mwaka gani.

Maalim akamtazama binti yake. Alimwambia kwamba maisha yake yote alifundisha wanafunzi kwamba watu wa mahema huenda walipona kwa kuwa mbali na maghala. Sasa anaona alisahau nusu. Walipona, kama walipona, kwa sababu walijua kuondoka wakiwa bado na nguvu za kukunja hema. Wa mjini walingoja mpaka wakatolewa. "Mimi sitolewi," akasema. "Nahama. Uiandike hivyo, Mutua. Ni vitu viwili mbalimbali."

Rukia akauliza, kwa Kiswahili, polepole, akitafuta kila neno, "Tunapakia nini kwanza, Baba?"

Akasema vitabu hapana, vina panya.

Tulihama Jumamosi, nadhani ya tatu ya Novemba. Jirani wa nyanya alikuja kung'oa vigingi, maana alisema mkataba wa ulinzi unampa haki ya kuaga. Nyumba ya wazee iko Silver Spring, ghorofa ya nne, si mbali na kituo cha treni, na chini yake kuna duka la Muhabeshi ambalo mzee aliamua ni soko la msafara. Wakuu wa nyumba ile walikataa hema. Halafu wakakubali nusu: paa bila kuta, juu ya kitanda, limefungwa kwa kamba za viatu. Lilikuwa limepinda. Rukia alilifunga, akalifungua, akalifunga tena, na mwisho akalala chini yake kitandani kando ya baba yake ili aone kama linakaa sawa. Wote wawili walitazama juu.

Nilikaa kwenye kiti cha wageni kuandika zamu yangu ya mwisho naye. Niliandika: "Saa tano. Mteja amehama. Amekula ndizi mbili na nyanya moja. Amemeza vidonge vyote vitano bila kubishana." Nikatazama tena kitandani. Rukia alikuwa akimwuliza kitu juu ya Yemen naye alikuwa akimjibu kwa mikono. Nikaongeza mstari mmoja: "Huenda ana furaha."

Jumatatu ofisi ikanirudishia karatasi. Walikuwa wamezungushia neno lile wino mwekundu, na pembeni wameandika nilifute, maana haturuhusiwi kukisia.

Miaka kumi na tisa nilikuwa nimefuta kila walichoniambia nifute. Lile sikulifuta. Niliirudisha karatasi kama ilivyokuwa, na mwezi uliofuata nikastaafu.